Mayonezi ya Mafuta ya Pamba

Nimestaafu wiki tatu tu, na tayari ninyi niliowaacha jikoni mmenitumia ujumbe mara mbili kuniuliza kwa nini mayonezi imekatika, mafuta yakaachana na yai. Imekatika kwa sababu mna haraka. Jibu hilo mmelisikia kwangu mpaka masikio yameota sugu, kwa hiyo safari hii naandika kwa kirefu jinsi nilivyojifunza kazi ya meza ya baridi, ili mkinikasirikia mnikasirikie mkiwa mmeketi. Vyeo na mishahara siviandiki. Vyeo vilikuja vilipotaka, na mshahara niliula.

Niliingia kazi kwenye hoteli yetu hapa Mwanza miaka ya mwanzo ya Ujamaa, wakati kila mtu alikuwa Ndugu, hata yule usiyeelewana naye. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, mtoto wa mkulima wa pamba kutoka Magu, nikikaa Mabatini kwa shangazi yangu. Jikoni mwanamke nilikuwa peke yangu, na nafasi niliyopewa ilikuwa mbele ya masinki. Siku ya kwanza niliosha masufuria hadi vidole vikakunjamana. Siku ya pili niligundua kwamba bakuli chafu lina habari nyingi kuliko wapishi wenyewe. Kabla ya kuliosha nilikuwa napitisha kidole ndani na kuonja. Tabia mbaya, najua, na kama ningewakuta ninyi mkifanya hivyo ningewafukuza. Lakini ndiyo shule niliyoipata.

Meza ya baridi ilikuwa mikononi mwa Mzee Laurian, Mhaya wa Bukoba, mtu wa misa ya kila Jumapili na shati lililopigwa pasi hata chini ya aproni. Alikuwa amepika kwenye meli za ziwani kabla ya kuja hotelini. Moshi wa jiko la moto ulikuwa umemharibu macho, ndiyo maana alihamia upande wetu wa saladi na sandwichi. Asubuhi moja alileta bakuli masinkini, nami, bila kufikiri, nikaonja mbele yake.

"Leo siki imezidi, Mzee," nikasema.

Akaniangalia. "Nani amekufundisha kuonja?"

"Mabakuli, Mzee."

"Mabakuli!" Akageuka kuwaambia wenzake. "Msukuma huyu! Nilidhani ninyi mnaangalia tu kama ugali unatosha."

"Unatosha, Mzee. Nyie ndio mnaohesabu ndizi."

Alicheka hadi akashika meza. Mchana ule ule akaniomba kwa mpishi mkuu, nami nikahamia upande wake kuanzia wiki iliyofuata.

Somo lake la kwanza nimewafundisha ninyi nyote, lakini sijawahi kuwaambia lilitoka wapi. Aliweka visahani vitatu mezani na vipande vya mkate, akaniambia nifumbe macho. Cha kwanza kilikuwa mayonezi. Cha pili krimu ya saladi. Cha tatu ile ya kupaka yenye vipande vidogo vya tango, karoti na kabeji vilivyolowekwa kwenye siki. Zote nilizijua kwa jina moja tu, "ile nyeupe ya chupa", ingawa moja ilikuwa ya manjano kabisa.

"Usiniambie ni tamu," alisema. "Kila kitu kwako ni kitamu, una njaa. Niambie kinachotangulia."

Hapo ndipo nilipoanza kuwa mpishi. Kwenye mayonezi yanatangulia mafuta, yanatanda mdomoni taratibu, halafu uchachu unakuja nyuma kama mtu anayebisha hodi kwa adabu. Kwenye krimu ya saladi siki ndiyo inayofungua mlango, haradali inafuata, na sukari inaingia mwisho kusuluhisha. Ile ya tatu ni krimu hiyo hiyo, ila meno yanapata kazi. Baada ya hapo akapaka vipande vitatu vya mkate, tukaviacha tukaenda kukata nyanya. Tuliporudi akavigeuza. Mkate wa mayonezi ulikuwa mkavu, kwa sababu mafuta huuzuia usinywe maji. Ule wa krimu ulikuwa umelowa hadi upande wa pili.

"Kwa hiyo mayonezi ndiyo bora," nikasema.

"Bora kwa nini? Bora wapi? Nani anakula, na anakula saa ngapi?" Aliuliza kwa ukali kidogo. "Mayonezi ina kiini kibichi. Hiyo ya pili imepikwa. Mpishi asiyeuliza chakula kinakwenda wapi ni mwenye duka, siyo mpishi."

Miaka miwili mitatu tulifanya kazi kwa chupa zilizotoka nje. Kisha bidhaa zikaanza kuadimika. Kwanza ikapotea haradali, baadaye ile yenye vipande vya mboga, kisha krimu. Tulijifunza kupika krimu wenyewe, kwani unga, mayai, maziwa na siki vilipatikana ukivumilia foleni. Mayonezi tuliibana, kijiko kwa kijiko, hadi siku mtunza stoo alipotuonyesha rafu tupu.

Meneja wetu, Ndugu Magesa, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa ahadi. Wageni wakubwa kutoka wizarani walikuwa wanakuja Ijumaa kukagua vijiji vya Ujamaa vya kanda ya ziwa, na yeye alikuwa ameshatuma orodha ya chakula Dar es Salaam: sandwichi za kuku na za sato, kwa mayonezi. Jumatatu asubuhi alikuja kusimama mbele ya meza yetu.

"Chupa hakuna na hazitakuja," alisema. "Tengenezeni wenyewe. Mkishindwa, meza ya baridi naifunga, maana sioni kazi yake. Mzee utarudi jiko la moto. Binti atarudi alikotoka."

Alikotoka maana yake masinkini. Kwangu ilikuwa aibu, lakini kwa Mzee Laurian ilikuwa zaidi. Macho yale yasingemaliza mwaka kwenye moshi. Alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya aproni, akairudisha.

Kutengeneza mayonezi kwa mkono alikuwa anajua. Viini vya mayai, chumvi, siki kidogo, halafu mafuta tone kwa tone huku unapiga bila kupumzika. Haba na haba hujaza kibaba, na hakuna mahali msemo huo ni wa kweli kuliko hapo. Ukimimina mafuta kwa haraka, kiini kinakataa kuyapokea na vinaachana. Mafuta pekee yaliyopatikana Mwanza wakati ule yalikuwa ya pamba, yaliyosafishwa vizuri, yanang'aa. Tulipiga kwa zamu. Ilipokuwa tayari ilikuwa nzito, laini, ya rangi ya siagi mpya. Mzee akasimamisha kijiko katikati ya bakuli na kijiko kikasimama. Tukaifunika, tukaiweka kwenye friji kama ilivyokuwa kawaida yetu, maana jikoni kwetu kila kilichokwisha kutengenezwa kilikwenda kwenye friji bila mjadala.

Jumanne asubuhi tulifunua bakuli. Ilikuwa imekatika. Mafuta yameelea pembeni, katikati kuna mabonge.

"Mkono wako umechoka ukapiga vibaya," alisema Mzee.

"Mkono wangu? Zamu ya mwisho ilikuwa yako!"

Tulimlaumu hata Mama Minza, jirani yetu wa Mabatini aliyetuletea mayai. Alikuja juu kama moto.

"Mayai yangu ya jana asubuhi! Kuku mwenyewe mnamjua! Nyie mnapiga mayai kama mnatwanga mtama, halafu mnasingizia kuku!"

Niliiokoa ile iliyokatika kwa njia mnayoijua: kiini kipya kwenye bakuli safi, halafu ile iliyoharibika inaingizwa kidogo kidogo kama mafuta. Ikarudi. Mchana kutwa ilikaa mezani vizuri. Tukaiweka kwenye friji. Jumatano asubuhi ilikuwa imekatika tena.

Mzee Laurian akakaa kwenye debe. "Basi, Kabula. Tatizo ni haya mafuta. Haya ni ya kukaangia maandazi. Mayonezi inataka mafuta ya Ulaya."

Sikujua kwamba ningekasirika kiasi kile. Nilikuwa nimelima pamba ile. Nimeipalilia, nimeichuma kwa vidole hivi, nimeipanga daraja la kwanza na la pili mbele ya baba yangu, ambaye hakukubali jani moja kavu lionekane kwenye gunia. Sikuwa tayari kuambiwa kwamba kilichotoka humo hakifai mdomo wa mgeni. Nilimwambia Mzee, kwa adabu lakini kwa sauti kubwa, kwamba sijawahi kuona mafuta yanashtakiwa bila kusikilizwa.

Nikafanya kama mjumbe wa nyumba kumi anavyofanya watu wakigombana: nikamweka kila mmoja peke yake. Kikombe cha kiini, kikombe cha siki, chupa ya mafuta, vyote kwenye friji, mbali mbali. Jioni, kabla ya kuondoka, nikachungulia. Kiini kilikuwa kiini, siki ilikuwa siki. Lakini chini ya chupa ya mafuta kulikuwa na utando mweupe umeanza kuganda, kama samli. Juu yake mafuta yalikuwa bado maji, yanang'aa.

Nilibaki nimeshika mlango wa friji hadi mpishi mkuu akanifokea kwamba naachia baridi. Nilikuwa nimeelewa. Mafuta ya pamba yana sehemu inayoganda kwenye baridi. Mezani inakaa kimya na wenzake. Ukiiingiza kwenye friji ikiwa tayari ndani ya mayonezi, inaganda humo humo, inachana kila kitu. Wala si mkono, wala si yai la Mama Minza. Dawa yake kila mtoto wa kando ya ziwa anaijua, maana maji tuliyachota yakiwa na tope, tukayaacha yatulie mtungini, kisha tukateka ya juu. Niliiacha chupa palepale, na Alhamisi alfajiri nikayamimina yale ya juu polepole kupitia kitambaa cha kanga, nikaacha weupe chini. Ule weupe tulikaangia vitumbua vya wafanyakazi, na hakuna aliyelalamika.

Nilipiga mayonezi peke yangu. Niliigawa mabakuli mawili, moja kwenye friji, moja kwenye friji na barafu juu yake, kwa ukorofi tu. Saa nane mchana nikafunua yote mawili mbele ya Mzee Laurian. Hata tone moja la mafuta halikuwa limetoka. Nililia, siwafichi. Nililia kama mtu aliyefiwa, na Mzee akawa ananipigapiga begani kwa kijiko cha mbao, hajui kingine cha kufanya.

Saa tisa akaja Ndugu Magesa. Alionja, akatabasamu, akatangaza kwamba ratiba imebadilika. Wageni hawatakula hotelini. Wakifika kesho asubuhi wataunganisha kwa boti kwenda kijiji cha ng'ambo ya ghuba, na sandwichi tutazifunga wazichukue. Watakula huko baada ya mikutano, labda saa nane, labda saa tisa.

Nikahesabu saa. Sandwichi zinafungwa saa kumi na mbili asubuhi. Boti haina friji. Jua la ghuba mnalijua. Kiini kibichi, kuku ndani yake, kwa muda wa saa nane au tisa kwenye kikapu. Mayonezi yangu niliyoihangaikia wiki nzima ilikuwa hapo mezani, inasimamisha kijiko, na ilikuwa haifai.

Nilimtazama Mzee Laurian. Aliinua mikono. "Ni yako," alisema. "Sema wewe."

"Ndugu Meneja, mayonezi hii haiendi safari," nikasema. "Nitapika krimu."

"Binti, nimeandika mayonezi. Dar wanajua ni mayonezi."

"Waandikie tena."

Mtunza stoo, aliyekuwa anapita na gunia, akasimama kusikiliza. Ndugu Magesa akashusha sauti. "Wakisema hoteli yetu haina mayonezi, Jumatatu nafunga hii meza kama nilivyosema. Mzee kwenye moshi, wewe masinkini. Umenielewa?"

"Nimekuelewa. Nitarudi masinkini. Lakini hakuna mgeni atakayerudi hapa ameshika tumbo."

Nilijua ninaweka rehani macho ya mtu mwingine, siyo kiburi changu tu. Nikamgeukia Mzee kumwomba radhi. Akawa ameshaanza kupima unga.

Tulipika krimu nzito kuliko kawaida. Unga, haradali kidogo iliyobaki chini ya kopo, sukari, chumvi, mayai, maziwa, siki, juu ya sufuria ya maji yanayochemka, unakoroga usiache, hadi ishike mgongo wa mwiko isianguke. Nusu yake tuliichanganya na tango na karoti zilizolowekwa kwenye siki. Kwa sababu krimu hulowesha mkate, tulilaza jani bichi la saladi lililofutwa maji juu na chini, krimu ikakaa katikati na kuku. Kazi ile ya majani ilitumaliza kuliko kupika.

Ndugu Magesa aliniamuru niende nao, nikagawe mwenyewe. Nadhani alitaka lawama iwe na uso. Ng'ambo tulikaribishwa kwa ngoma na hotuba, na hotuba zikazaa hotuba. Ilikuwa inakaribia saa kumi nilipofungua vikapu kwenye kivuli cha ghala la pamba. Mikate ilikuwa mikavu. Krimu ilikuwa imetulia pale nilipoiweka. Mkuu wa msafara, mtu mnene mpole, alikula moja, akala ya pili, akachukua ya tatu akiwa bado anatafuna.

"Ndugu Magesa," alisema, "mayonezi hii mmeitoa wapi? Sisi Dar es Salaam tumeshaisahau."

Ndugu Magesa aling'aa uso wote. "Tunatengeneza wenyewe, Ndugu! Hapa hapa Mwanza!" Kisha akanitupia jicho, jicho la kuniambia kwamba mambo yamekwisha, nikae kimya, meza imepona.

Na kweli ilikuwa imepona. Ningenyamaza tu. Lakini nilikuwa nimetengeneza mayonezi kwa machozi, na sikuweza kuvumilia kitu kingine kiitwe jina lake.

"Hiyo siyo mayonezi, Ndugu," nikasema.

Watu wakaacha kutafuna. Ndugu Magesa akafumba macho.

"Ni krimu ya kupika. Mayonezi ina kiini kibichi, haiwezi jua la leo. Mngeila saa hizi, kesho mkutano mngeufanyia chooni." Neno hilo lilitoka kabla sijalizuia. "Mayonezi ninayo, iko kwenye friji hotelini, nimeitengeneza kwa mafuta ya pamba kama hii iliyomo ghalani hapa. Mkirudi mtaionja."

Kisha mzee mmoja wa kijiji, mkulima, akauliza, "Pamba yetu inaliwa?" na mkuu wa msafara akaanza kucheka. Akanifanya nieleze yote, friji, utando mweupe, kitambaa. Wakulima walikuwa wanasikiliza kuliko walivyozisikiliza hotuba.

Jioni walionja hotelini, wote wazima. Mkuu wa msafara alikula mayonezi kwa sato, akala na krimu, akarudia, akatangaza kwamba krimu ya kupika ndiyo tamu zaidi. Nilitaka kumnyang'anya kijiko. Kisha akaagiza Mzee Laurian aitwe kutoka jikoni.

"Mzee, umemfundisha vizuri binti huyu."

Mzee Laurian alisimama na shati lake lililopigwa pasi. Angeweza kusema asante tu, na ingetosha kulinda nafasi yake. "Nilimfundisha kuonja na kupiga mayai," alisema. "Hayo ya mafuta ya pamba siyajui. Nimepika miaka thelathini, na niliyashindwa mbele yake."

Ndugu Magesa hakusema tena habari ya kufunga meza. Hakuomba radhi pia, na sikuingoja.

Kesho yake, Jumamosi, nilifika kazini mapema nikamkuta Mzee Laurian amenitangulia. Alikuwa amekaa kwenye meza ya baridi, miwani usoni, daftari jipya mbele yake na kalamu mkononi. Kwa desturi zetu mimi ndiye niliyepaswa kuanza, nikasema, "Shikamoo, Mzee."

"Marahaba." Akafungua ukurasa wa kwanza, akaulainisha kwa kiganja. "Macho yangu siyo mazuri, kwa hiyo usikimbie. Anza na mafuta. Sema polepole, Mwalimu, niandike."